Mwenyeji wa Meza

Neno mwenyeji likifumuliwa ni mwenye mji. Yamkini wasemaji wa leo hawauoni tena mshono huo, walakini umo, na kila mtu asemaye "karibu" mlangoni pake husema kwa haki ya mji ulio wake. Mgeni ni yule ambaye pale hana mji. Maneno haya mawili huandamana kama kinu na mchi: moja halina kazi pasipo jingine. Methali husema, "Mgeni njoo, mwenyeji apone." Aghalabu hutajwa kwa utani, maana siku ya mgeni ndiyo siku ya kuchinja kuku, na watoto wa nyumba waliochoshwa na mboga za majani hupata nyama kwa kisingizio cha mtu mwingine. Lakini chini ya kuku pana fumbo. Methali inamhesabu mwenye mji kuwa mgonjwa, na dawa yake huletwa na mtu asiye na mji. Basi watu wanapokula pamoja mahali ambapo chakula huuzwa, ambapo hakuna aliyechinja kuku wake wala kuwasha moto wake, mwenyeji ni nani, na anayepona ni nani?

Swali hili lafaa kuulizwa Babati kuliko katika miji mingi. Babati, makao makuu ya Mkoa wa Manyara tangu mkoa huo ulipomegwa kutoka Arusha mwaka 2002, iko chini ya Mlima Kwaraa, karibu na ziwa lenye viboko, katika njia kuu itokayo Arusha kwenda Kondoa na Dodoma. Wagorowa, waitwao pia Wafiomi, ndio wanaohesabiwa kuwa wenye nchi; pamoja nao wako Wairaqw, Warangi, Wambugwe na Wabarbaig, na watu wa makabila mengine walioletwa na kazi, biashara au ndoa. Wanazuoni wa lugha huitazama nchi hii ya Babati na Kondoa kwa mshangao, kwa sababu lugha za Kibantu, za Kikushi na za Kiniloti hupakana humo, na jirani yao ni Wasandawe ambao lugha yao ina vidoko. Wenye maduka waliotoka Gujarati na Kachi walipofika, wakaongeza ukoo wa tano wa lugha katika mji uliokuwa bado mdogo. Mahali kama hapo mtu huweza kuwa mwenyeji asubuhi na mgeni jioni, kwa kuvuka barabara tu.

Na afikiri msomaji kwamba katika mji huo umefunguliwa mkahawa mpya wa Kihindi. Si kibanda cha chai na chapati, ambacho hakuna mtu Babati akiitaye cha Kihindi, bali mkahawa wa kisasa: viti vyenye mito, taa zilizoning'inizwa juu ya kila meza, orodha ya vyakula yenye picha, na tanuri la udongo nyuma ya kioo ili mlaji aone mkate wake unavyobandikwa. Watu wanane wanaofahamiana wanapatana kwenda kula pale chakula cha jioni. Yumo mwalimu wa sekondari, Mgorowa, yumo kaka yake, mkulima wa mbaazi kutoka Gallapo, muuguzi Mwiraqw, karani Mrangi, Mwislamu asiyekula nyama isiyochinjwa kwa sheria, dereva wa lori na mkewe, kijana aliyemaliza chuo kikuu ambaye bado hajapata kazi, na mnunuzi wa mazao, Mhindu aliyezaliwa Babati na baba aliyezaliwa Babati, ambaye hali nyama kabisa. Wanaketi. Kila mmoja anapewa orodha yake. Wanaletewa mbaazi zilizopikwa kwa samli na bizari, jibini katika mchuzi wa mchicha, kuku wa tanuri, wali wa mchele wa Magugu, na mikate ya naan iliyo moto. Karani anauliza kuku alichinjwa na nani, anajibiwa. Mnunuzi wa mazao anauliza kama kijiko kilichopakulia kuku kimegusa mbaazi, naye anajibiwa. Hakuna aliyekasirika wala kucheka. Tayari limetendeka jambo ambalo kwa babu zao halikuwa jepesi hata kidogo.

Babu zao, kwa miaka mingi, walionana pande mbili za kaunta. Upande huu palikuwa na mizani na daftari la madeni. Upande ule palikuwa na mazao, ngozi na haja ya chumvi, sukari na nguo. Walijuana kwa majina na kuulizana habari za watoto, lakini aghalabu hawakula pamoja. Chakula chenyewe hakikuwangoja. Chapati, sambusa, bajia, kachori, achari na chai ya maziwa yenye tangawizi vilivuka kaunta bila kuomba ruhusa, vikaingia majumbani mwa Waafrika hata vikaacha kuwa vya kigeni. Leo sikukuu ya Mwislamu au ya Mkristo isiyo na chapati wala pilau huonekana pungufu. Lugha nayo ilifuata njia iyo hiyo, kwani pesa, gari, gunia, laki, bima na bangili ni maneno yaliyovuka bahari kutoka Bara Hindi. Watu peke yao ndio waliobaki kila mmoja kwake.

Si haki kuliweka jambo hilo juu ya rangi tu. Mhindu wa tabaka la juu hakula hata chakula kilichoguswa na Mhindu mwenziwe wa tabaka la chini. Mwaka 1917, katika kijiji cha Cherai, Kerala, Sahodaran Ayyappan aliwaketisha watu wa jamaa yake ya Ezhava pamoja na Wapulaya, waliohesabiwa kuwa chini zaidi, ili wale chakula kimoja. Kwa tendo hilo la kula tu alitengwa na watu wake mwenyewe. Katika nyika za hapa, Wamasai wa zamani hawakula samaki wala ndege, na waliokula waliwaona kuwa watu wa namna nyingine. Wazungu wa enzi ya ukoloni walikuwa na vilabu vyao ambavyo Mwafrika aliviingia kwa mlango wa jikoni. Kila jamaa ilikuwa na sababu yake, takatifu au ya kipuuzi, ya kutokula na jamaa nyingine, na kila moja iliiona sababu ya mwenziwe kuwa ndiyo ya kipuuzi.

Kilichozishinda sababu hizo katika mkahawa wa Babati si wema. Ni shilingi. Wapenda maadili hawapendi kulikiri jambo hili, lakini ni kweli. Mwenye nyumba aliye mkarimu kupita wote huchagua wageni wake, na kuchagua ni haki yake. Mwenye mkahawa hana anasa hiyo. Mlango wake u wazi kwa Mgorowa na kwa Mzungu, kwa aliyetahiriwa na asiyetahiriwa, kwa adui wa baba yake na kwa mtu asiyempenda. Mahubiri ya udugu yaliyodumu karne nyingi hayakuwaketisha watu hawa wanane katika meza moja, na orodha yenye bei ikaweza kwa jioni moja. Anayeidharau biashara na aieleze kwanza nguvu hii.

Walakini shilingi ina jicho moja. Humwona kila aliye nayo, wala haimwoni kabisa asiye nayo.

Kijana asiye na kazi alikuja kwa sababu aliitwa, na kukataa wito kungekuwa kutangaza hali yake. Alipopewa orodha alisoma upande wa kulia, penye bei, kabla ya upande wa kushoto penye vyakula. Akaagiza chai na mkate mmoja, akasema kwamba alikula mchana akashiba. "Nimeshiba" ni katika maneno yenye adabu kubwa ya Kiswahili, na pia ni katika maneno yanayobeba uongo mwingi. Nyumbani kwa mtu uongo huo una dawa. Mama wa nyumba husukuma sahani mbele, huapa kwamba hapana atakayeondoka hivi hivi, na mgeni hula huku akilalamika. Heshima yake imeokoka kwa sababu amelazimishwa. Wanaokula katika sinia moja la pilau hawahitaji hata kiapo hicho, kwa kuwa hakuna ahesabuye matonge ya mwenziwe. Wabohora, ambao nao ni Wahindi, hukaa duara kulizunguka sinia moja, wakaanza kwa chembe ya chumvi, na mlo wao hauwezi kugawanywa kwa vichwa. Lakini mkahawa wa kisasa umempa kila mtu sahani yake, na sahani ni daftari: iliyo tupu husomeka kutoka mwisho wa pili wa meza.

Kisha huja hesabu. Ikigawanywa sawa kwa watu wanane, kijana atalipia kuku ambaye hakumla. Kila mtu akilipia alichokula, haki imetimia hata senti ya mwisho, na kijana ataondoka na haki yake pamoja na njaa yake. Mmoja akisema, "Leo nalipa mimi," amekuwa mwenyeji, lakini amechelewa. Uenyeji uliotangazwa baada ya mlo haumfai aliyekwisha kujinyima tangu mwanzo. Aliyetaka kuwa mwenyeji alipaswa kusema kabla orodha hazijafunguliwa. Jambo hili ni dogo, na wengi watalicheka, ila mtu aliyepata kusoma upande wa bei kwanza hatalicheka.

Wako Wahindi walioyajibu mambo haya zamani. Guru Nanak, mwanzilishi wa dini ya Wasikh, aliyeishi tangu 1469 hata 1539, aliweka desturi ya jiko la wote, langar, ambapo tajiri na fukara huketi safu moja na kula chakula kimoja pasipo malipo. Desturi hiyo ilifika Afrika ya Mashariki pamoja na Wasikh waliokuja kufanya kazi katika reli. Huko Makindu, katika njia ya Mombasa na Nairobi, hekalu lao lililojengwa mwaka 1926 huwapa chakula wasafiri wa kila dini na kabila, na dereva wa lori wa Kikamba hula dengu zake pale bila mtu kumwuliza anamwamini nani. Pale hakuna asomaye bei, kwani hapana bei. Lakini mtu hawezi kumwambia mwenye mkahawa wa Babati awe Makindu. Ana kodi ya nyumba, ana mishahara ya wapishi, ana mkaa wa kununua kila asubuhi. Hekalu linalisha kwa sadaka ya waumini wengi. Yeye analisha kwa mkopo. Kumdai ukarimu wa hekalu ni kumwonea. Anaposema "karibuni" husema kweli, ila karibu yake ina mpaka, na mpaka wenyewe umeandikwa chini ya karatasi ya hesabu. Kwa hiyo si yeye mwenyeji anayetafutwa.

Mkulima wa Gallapo ana dai lake, na huenda likawa kubwa kuliko yote. Bakuli lililo katikati ya meza huitwa chakula cha Kihindi, lakini mbaazi ni za Babati. Wilaya hii ni miongoni mwa zinazolima mbaazi kwa wingi katika Tanzania, na kwa miaka mingi soko lake kubwa lilikuwa India. Mmea wenyewe ulianza kulimwa Bara Hindi, ukaja Afrika zamani sana. Ulezi na mtama, ambavyo vilianza kulimwa Afrika, vilivuka bahari kwa upande wa pili miaka elfu kadhaa iliyopita, na wakulima wengi wa India huvila wakiviona kuwa urithi wa mababu. Pilipili inayowasha katika mchuzi si ya Mhindi wala ya Mwafrika. Asili yake ni bara la Amerika, na Wareno ndio walioieneza, kama asili ya mahindi ya ugali ilivyo huko huko. Mtu akitaka kumjua mwenyeji kwa kuuliza chakula ni cha nani, nafaka zitamchanganya kabla watu hawajamchanganya. Babati na India zimekuwa zikilishana siku nyingi bila kuketi pamoja.

Kulishana huko kulionekana jinsi kulivyo mwezi wa Agosti 2017. Serikali ya India, baada ya mavuno mengi nchini mwake, iliweka kikomo cha tani 200,000 kwa mwaka juu ya mbaazi zinazoingia kutoka nje, ili kuwalinda wakulima wake. Bei katika vijiji vya Tanzania ikaporomoka. Ziko mbaazi zilizobaki ghalani, na ziko zilizoachwa shambani kwa sababu gharama ya kuvuna ilizidi bei ya kuuza. Mwaka 2021 mlango ulifunguliwa tena. Haki ya India kuwatunza wakulima wake haikanushiki, maana kila mwenye mji huanza na watoto wake. Hata hivyo familia za Gallapo, Dareda na Bonga zilizopanda mbaazi kwa kutumaini vinywa vya mbali zilitambua mwaka ule kwamba zilikuwa zikilisha meza ambayo hazikuwa na kiti. Hazikuwa mwenyeji wala mgeni. Hakuna neno la Kiswahili kwa mtu wa namna hiyo, na pengine ni sababu moja ya kumsahau.

Na mnunuzi wa mazao, je? Methali nyingine husema, "Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe." Hufikiriwa kuwa ni ukali kwa mgeni mvivu. Kwa kweli ni ukarimu, kwa kuwa apewaye jembe amepewa na mahali pa kulima, na mwenye mahali pa kulima si mgeni tena. Mhindi wa miji midogo alishika mizani mahali pa jembe, na hata leo wako wanaomhesabu kuwa yungali katika siku ya pili. Historia ya nchi imemjibu kwa sauti mbili. Mwezi wa Septemba 1958, katika uchaguzi wa kura tatu, ambao kila mpiga kura alilazimishwa kuchagua Mwafrika mmoja, Mwasia mmoja na Mzungu mmoja, Jimbo la Kaskazini, ambalo Babati ilikuwa ndani yake, lilimpeleka Bibi Sophia Mustafa katika Baraza la Kutunga Sheria kwa kuungwa mkono na TANU. Wapiga kura walikuwa wachache, maana sheria ilidai kipato, elimu au cheo. Mwezi wa Oktoba 1961, majuma machache kabla ya uhuru, Julius Nyerere aliwapinga vikali wajumbe waliotaka uraia uwe wa Waafrika peke yao. Hiyo ilikuwa sauti ya jembe. Miaka kumi baadaye, mwaka 1971, serikali iyo hiyo ilitwaa majengo ya kupangisha yenye thamani iliyozidi shilingi 100,000. Sheria haikutaja rangi, na lengo lake lilikuwa unyonyaji, si kabila. Lakini wengi wa waliopoteza nyumba walikuwa Wahindi, na wengi wakahama nchi. Waliobaki walibaki katika mji ambao ulikuwa umewaambia mambo mawili.

Uenyeji basi hauthibitishwi kwa kuzaliwa, maana mnunuzi amezaliwa Babati kama mwalimu. Hauthibitishwi kwa kulima, maana aliyelima alisahauliwa. Wala kwa kulipa, maana alipaye mwisho amechelewa. Ukitazamwa vyema si cheo wala hati. Ni mzigo, na hubebwa na yeyote anayejitwika njaa na aibu ya mwenziwe kabla ya kuombwa. Kwa maana hiyo watu wanane wanaweza kula, wakalipa, wakashukuriana na kuondoka bila meza yao kuwa na mwenyeji hata mmoja, na jambo hilo hutokea kila jioni katika mikahawa ya dunia nzima. B. R. Ambedkar, mwanasheria aliyezaliwa katika tabaka la wasioguswa, aliandika mwaka 1936 kwamba kula pamoja peke yake hakutaliua tabaka, kwa kuwa watu huweza kula pamoja kisha wakaoana mbali mbali na kuamini yale yale. Alisema kweli. Watu wa meza hii nao wataachana mlangoni, kila mmoja aende kwao, na huenda wasiingiliane majumbani mwaka mzima. Lakini Ambedkar hakusema kwamba kula pamoja si kitu. Alisema si mwisho. Mtu ambaye hajapata kukaa karibu na sahani ya mwenziwe hana hata nafasi ya kuona kuwa ni tupu.

Mkulima wa Gallapo hasumbuki na mambo haya. Ameonja mbaazi, amezisifu, ameomba aonyeshwe bei yake katika orodha. Sasa anahesabu kwa kidole juu ya kitambaa cha meza. Sahani moja haizidi gramu mia za mbaazi kavu; gunia la kilo mia, basi, ni sahani elfu moja. Anazidisha kwa bei ya sahani. Ananyamaza kidogo, kisha anamgeukia mnunuzi wa mazao, ambaye mwaka 2017 alipima magunia yake, na kumwuliza kwa upole, "Ndugu yangu, hesabu hii ina kosa wapi?"

Mnunuzi anajua kwamba samli, mkaa, kodi na mishahara vimo ndani ya bei ya sahani, na jibu hilo ni la kweli. Anajua pia kwamba mwaka ule alilipa kidogo kwa sababu naye alilipwa kidogo, na hilo nalo ni kweli, ila hakupata kumweleza mtu yeyote. Watu walipokea fedha zao upande wa pili wa mizani wakaenda. Anaifunga orodha, anavuta kiti chake karibu na cha mkulima, na kuanza kueleza tangu mwanzo jinsi bei ya mbaazi inavyopangwa huko Mumbai. Mwalimu anaacha kula ili asikilize. Mikate inapoa.